Umeme Ukirudi, Usichomeke Kwanza

Saa moja kasoro robo asubuhi, na Mama Povu ameshazamisha mkono wa kulia hadi begani kwenye tangi la samaki la watu. Yuko ndani ya duka la kinyozi. Duka halijafunguliwa rasmi, viti bado vimepinduliwa, na mwenye duka amesimama nyuma yake akiwa na kopo la chakula cha samaki. Redio iliyo juu ya kabati inarudia kwa mara ya tatu kwamba dhoruba itafika kesho jioni, na kwamba umeme huenda ukakatika kwa siku kadhaa.

Kinyozi anataka kuwashibisha samaki wake mapema. Hoja yake ni kwamba kesho duka litafungwa, na si vizuri viumbe vya Mungu vilale njaa huku upepo unavuma nje.

"Weka hilo kopo chini," anasema Mama Povu bila kugeuka. "Samaki anakaa wiki nzima bila kula na wala hakulaumu. Ukimlisha leo, kesho atajisaidia humohumo, na kesho hakuna umeme wa kuchuja. Utakuwa umemfungia chooni halafu unasema umemhurumia."

Kinyozi anaweka kopo chini. Ni mtu mzima, ana wembe kiunoni na sauti nene, lakini anaweka.

Jina la Mama Povu alipewa na wateja. Wengine wanasema ni kwa sababu ya hewa anayowapulizia samaki wao. Wengine, wakishahakikisha yuko mbali, wanasema ni kwa sababu ya mdomo wake. Mwenyewe anajua zote mbili na hajali. Ana miaka hamsini na miwili, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia kusafisha matangi ya samaki kwenye nyumba za watu. Alianza akiwa mfagiaji wa ofisi moja iliyokuwa na tangi kubwa mapokezi. Kila mtu alipenda kulitazama lile tangi na hakuna aliyetaka kuliosha.

Sasa anatunza matangi kumi na saba: kumi na tano ya majumbani, la kinyozi, na moja kwenye chumba cha kusubiria cha daktari wa meno, ambako wagonjwa wanawakodolea samaki macho ili wasisikie mashine. Mwezi ukiwa mzuri, anapata kodi ya nyumba, nauli, chakula na kidogo cha dawa ya bega. Mwezi ukiwa mbaya, bega linajitegemea.

Bega ndilo linalomsumbua. Ndoo moja ya maji ni lita kumi na tano, na kabla ya dhoruba kila tangi lazima libadilishwe theluthi ya maji, ili samaki waingie gizani wakiwa na maji safi. Mwandishi huyu alihesabu ndoo ishirini na sita kufikia saa sita mchana, kisha akapoteza hesabu kwa sababu alikuwa ameshaanza kuzibeba. Haikuwa kwenye mpango wa kazi. Mama Povu alimtazama tu na daftari lake akamuuliza kama hilo daftari lina uzito wowote.

Tunatoka kwa kinyozi tunaingia nyumba hii, tunatoka hii tunaingia ile. Kila mahali kazi ni ileile na maneno ni yaleyale. Anaweka pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, anaijaribu, anaacha betri za akiba juu ya tangi ambako hata asiyeona atazipapasa. Anawaambia wafunike vioo vya tangi kwa blanketi baridi ikizidi. Wasifungue mfuniko kila dakika kuchungulia. Betri zikiisha, wachukue kikombe, wachote maji ya tangi na kuyamimina tena kutoka juu, taratibu, yaingie na hewa. Mkono ukichoka wabadilishane.

Mwisho, kila nyumba, anachomoa plagi ya chujio na kuifunga kitambaa chekundu.

Hapo inabidi kueleza kidogo. Chujio ni kopo kubwa la plastiki lililofungwa kwa mfuniko wa kubana, linakaa chini ya tangi. Maji yanashuka kwa mpira mmoja, yanapita kwenye sponji, yanarudi juu kwa mpira mwingine. Ndani ya ile sponji vinaishi vijidudu vizuri vinavyokula uchafu wa samaki. Umeme ukiwapo vinapata maji mapya kila sekunde. Umeme ukikatika, vinabaki vimefungiwa humo bila hewa. Baada ya saa kadhaa vinakufa, vinaoza, na kopo zima linageuka sumu.

"Watu wote wanafikiri samaki anakufa umeme ukikatika," anasema Mama Povu. "Hapana. Samaki ni mvumilivu. Anavumilia siku mbili, tatu, anahema juujuu lakini yupo. Umeme unarudi, watu wanashangilia, wanachomeka kila kitu kwa pamoja, friji, televisheni, chujio. Ule uozo wote unapandishwa juu. Ndani ya nusu saa wamekwisha. Wamevuka dhoruba nzima, halafu mtu anawaua kwa furaha."

Ndiyo maana ya kitambaa chekundu: umeme ukirudi, usichomeke kwanza. Funga bomba mbili zilizo kwenye mipira, beba kopo bafuni, mwaga maji yake yote, suuza sponji kwa maji ya tangi, jaza upya, ndipo uchomeke. Ameikata fulana yake mwenyewe kupata vitambaa hivyo. Mumewe, fundi redio, bado anaiulizia.

Wateja kumi na sita wanajua maana ya kitambaa hicho. Wa kumi na saba hajui.

Wa kumi na saba anakaa ghorofa ya nne ya jengo ambalo lifti yake ina tangazo la matengenezo lililochakaa kuliko lifti yenyewe. Ngazi ni sabini na mbili. Tukifika ya thelathini, Mama Povu anapindua ndoo tupu na kuikalia. Anajisugua bega. Uso wake umesawijika, na si kwa ajili ya ngazi peke yake.

"Huyu mzee sijawahi kumwambia habari ya kitambaa," anasema. "Miaka miwili."

Mwenye nyumba huyo ni karani mstaafu wa posta, mjane, na tangi lilikuwa la mkewe. Mkewe alifuga samaki kumi na wawili na akawajua mmoja mmoja kwa tabia. Miaka miwili iliyopita, dhoruba kama hii ilipokuja, mama huyo alikuwa amelazwa hospitali na mzee amekaa naye kitandani. Funguo za nyumba alikuwa nazo Mama Povu.

Umeme ulikatika siku mbili na nusu. Alizunguka nyumba zote kwa miguu, hakulala, alikula mkate akitembea. Asubuhi ya siku ya tatu alifika kwa mzee, akainama, akahesabu samaki. Wote kumi na wawili walikuwa hai. Alikuwa bado ameinama pale umeme uliporudi.

"Nikachomeka," anasema. "Mimi mwenyewe. Mkono ulichomeka kabla kichwa hakijafika. Mimi ninayewafokea watu. Nilisikia harufu, ile ya mayai viza, nikajua. Nikachomoa, nikashika ndoo, nikamuwahi mmoja tu aliyekuwa karibu na juu."

Mzee alipopiga simu kutoka hospitali jioni ile kuuliza habari za samaki, alimwambia dhoruba imewamaliza, amebaki mmoja. Mzee akamshukuru. Akasema bila yeye hata huyo mmoja asingekuwepo. Mkewe alifariki wiki tatu baadaye, na mzee hajaacha kumsimulia kila mgeni jinsi fundi wake alivyookoa samaki wa marehemu.

Kumfundisha mzee habari ya kitambaa ni kumweleza kwamba samaki hawauawi na giza bali na umeme unaporudi. Mzee alikuwa karani wa posta miaka thelathini na tatu. Atajumlisha mwenyewe.

Basi badala ya kumfundisha, Mama Povu amekuwa akikimbia. Kila umeme unapokatika mtaani, hata kwa muda wa saa tatu au nne tu, anaacha alichoshika na kupanda ngazi hizi ili awepo kabla haujarudi. Anasema ni mara thelathini na nane kwa miaka miwili. Ameacha chakula mezani, ameacha wageni sebuleni. Mara moja aliacha mazishi. Mumewe amezoea kusema kwamba kama mzee asingekuwa na umri wa baba mkwe, angeshaenda kumdai mahari. Naye hajui sababu.

Lakini safari hii haiwezekani. Daktari anayemtibu bega amemkataza ndoo na ngazi, redio inasema barabara zitafungwa, na nyumba ni kumi na saba. Hakuna atakayekuwepo kwa mzee umeme ukirudi isipokuwa mzee mwenyewe.

Namuuliza kama haya niyaandike. Anafikiri kwa muda mrefu, hadi mtoto wa ghorofa ya pili anapita na mkate, anatusalimia, na kurudi tena bila mkate.

"Andika," anasema. "Ila subiri nimwambie kwanza. Asije akanisoma."

Mzee anafungua mlango kabla hatujabisha. Ni mrefu, amevaa sweta lililotiwa viraka viwili viwikoni kwa mkono wa mtu aliyejua kushona, na anafurahi waziwazi. "Karibu mwanangu, karibu. Umekuja na msaidizi leo? Aa, naona daftari, kumbe mwanahabari! Karibu, umefika kwa mtu wa maana." Anataka kuchemsha chai. Mama Povu anamwambia asihangaike, na mzee anahangaika.

Sebule ni ndogo na safi. Cherehani iko dirishani, imefunikwa. Tangi liko ukutani mkabala na kiti kimoja cha kuegemea, na kiti hicho kimebonyea pale mtu anapokaa kila siku. Ndani ya tangi, tangi la kutosha samaki kumi na wawili, anaogelea mmoja: wa rangi ya chungwa, mnene, mkia umechanika. Marehemu alimwita Meneja kwa sababu alizunguka siku nzima kukagua wenzake bila kufanya kazi yoyote. Sasa anakagua mawe.

Mama Povu anabadilisha maji. Anaweka pampu ya betri. Anaeleza habari ya blanketi na ya kikombe, na mzee anarudia kila neno kwa sauti kama anayepokea simu ya maandishi. Kisha Mama Povu anapiga magoti chini ya tangi, anachomoa plagi, anatoa kitambaa chekundu mfukoni na kukifunga. Anafunga mara mbili.

Halafu anasema yote. Hapambi. Anaanza na umeme unavyorudi, na sponji, na uozo, na mzee anatikisa kichwa akifuatilia vizuri, hadi anapoacha kutikisa.

"Subiri kwanza," anasema mzee. "Kwa hiyo wale wa mama..."

"Walikuwa hai, Baba. Nilihesabu. Kumi na wawili. Mimi ndiye niliyechomeka."

Birika linachemka jikoni na hakuna anayekwenda kulizima. Mwandishi huyu anakwenda. Akirudi, mzee ameshakaa kwenye kiti chake, na Mama Povu bado yuko magotini, mkono mmoja juu ya kopo la chujio. Analia bila sauti, pua inachuruzika, na hana mkono mkavu wa kujipangusia.

Mzee anauliza kama anajua nani aliyewalisha samaki siku ile kabla ya dhoruba. Mama Povu hajui. Mzee anamweleza. Mkewe, akiwa kitandani, alimtuma mdogo wake wa kike, aliyekuwa na funguo za akiba, aende nyumbani kuwapa chakula, kwa hofu kwamba watasahauliwa. Shemeji yake huyo akawahurumia samaki kwa vile dada yake hayupo, akawatilia vijiko vitatu badala ya kimoja. Habari za vifo zilipofika, akaamini ni kile chakula kilichooza majini.

"Siku ya msiba aliniomba radhi mbele ya watu," anasema mzee. "Kwa ajili ya samaki. Nikamwambia ni dhoruba. Lakini moyoni nilisema ni yeye, na nadhani aliniona usoni. Alikuwa anakuja hapa kila Alhamisi tangu tulipooana mimi na dada yake. Mwaka wa pili huu hajakanyaga. Anasema hawezi kuliangalia hilo tangi."

Mama Povu anajaribu kusema kitu. Mzee anainua mkono, si kwa hasira, kwa uchovu tu wa mtu aliyepandishwa ngazi nyingine asizozitarajia.

"Endelea na somo," anasema. "Hilo kopo linafunguliwaje, fundi?"

Fundi. Si mwanangu. Mama Povu analisikia, na kila aliyemo chumbani analisikia. Anajipangusa kwa kiwiko na kuendelea. Anamwonyesha bomba mbili za kufunga, vibanio vinne vya mfuniko, sponji inavyotoka. Mzee anafanya mwenyewe mara mbili bila msaada. Mara ya pili anamwaga maji kwenye zulia. Chai haikunywewa.

Tunashuka na ndoo zetu. Zimebaki nyumba tano, na tunazimaliza zote.

Dhoruba inafika kesho yake kama ilivyoahidiwa. Inang'oa mabati, inaangusha nguzo, inajaza barabara maji hadi magotini. Umeme unakatika saa kumi na moja jioni na haurudi siku iliyofuata, wala usiku wake. Mama Povu, kwa amri ya daktari na ya mumewe kwa pamoja, anakaa nyumbani na simu. Wateja wanampigia. Mmoja anauliza kama blanketi la sufi linafaa. Kinyozi anapiga kukiri kwamba amewapa samaki wake kidogo, kidogo sana, kwa sababu walimtazama. Mama Povu anamfokea hadi chaji ya simu inakaribia kuisha.

Mzee hapigi. Naye Mama Povu hampigii. Anasema alishika simu mara nyingi na kuirudisha mezani, kwa sababu hakujua kama bado amwite Baba.

Umeme unarudi siku ya tatu saa nne asubuhi. Mtaa mzima unapiga kelele za furaha, redio zinaunguruma, na Mama Povu anavaa viatu. Mumewe anasimama mlangoni. Anamwambia mkewe kwamba daktari alisema ngazi hapana. Mama Povu anamjibu kwamba daktari hajui, na hapo, akiwa na kiatu kimoja, anamsimulia mumewe kila kitu. Fundi redio anasikiliza hadi mwisho, kisha anachukua kiatu cha pili na kumvalisha. Mwandishi huyu alipigiwa simu akawakuta chini ya jengo, mume amemshika mkewe mkono wa bega zima.

Ngazi sabini na mbili zinachukua dakika kumi na moja. Kila baada ya ngazi kumi anasimama kunusa hewa. Ile harufu, anasema, ukiisikia mara moja unaibeba maisha yote.

Mlango uko wazi. Mzee hayuko kwenye kiti. Yuko bafuni, amekaa kwenye kigoda, suruali imekunjwa hadi magotini, kandambili zimelowa. Kopo la chujio liko mbele yake, tupu, limesuguliwa. Sponji iko kwenye beseni la maji ya tangi na mzee anaikamua polepole kwa mikono yote miwili. Pembeni kuna kikombe cha bati. Betri zilimwishia jana asubuhi, na tangu hapo amekuwa akichota na kumimina, akilala kidogo kitini na kuamka. Viganja vyake vimejikunja kama vya mtu aliyekaa baharini, na macho yamekuwa mekundu.

Mama Povu anapita moja kwa moja hadi kwenye tangi. Meneja yuko karibu na juu, anahema haraka, mkia wake mbovu unatikisika. Yuko hai. Chini, plagi imelala sakafuni, na kitambaa chekundu kimefungwa vilevile alivyokifunga yeye, mara mbili.

Mzee analeta kopo, analirudisha mahali pake, anabana vibanio, anafungua bomba. Haombi msaada na hakuna anayethubutu kumpa. Kisha anafungua kitambaa, na kwa mara ya kwanza anamtazama Mama Povu usoni.

"Nichomeke?"

Mama Povu anainamia mfuniko, ananusa, ananusa tena. Anaingiza kidole kwenye maji ya mpira na kukinusa nacho.

"Chomeka, Baba."

Chujio linakohoa, linatulia, na maji yanaanza kupanda. Wote wanasimama kuyatazama kwa nusu saa nzima kwa saa ya ukutani, mzee, fundi, mume wa fundi na mwandishi. Meneja anashuka chini taratibu na kuanza kukagua mawe.

Hapo ndipo mzee anaposema. Anasema amekuwa na muda mwingi wa kufikiri akiwa na kikombe mkononi. Anasema yeye ameshayasikia na atayabeba anavyojua. "Lakini mwenye haki ya kuyasikia kuliko mimi ni shemeji yangu. Jumamosi nenda kwake. Usinitume mimi, na usimpigie simu. Simu ndiyo uliyonidanganyia."

Mama Povu alikwenda Jumamosi. Alikwenda peke yake, na alivyotusimulia ni hivi. Shemeji wa mzee, mwanamke mfupi anayeuza vitambaa chumba cha mbele cha nyumba yake, hakumkaribisha ndani. Alimsikiliza kizingitini, mita ya kupimia ikiwa shingoni. Aliuliza swali moja tu, kama kweli alihesabu, kama kweli walikuwa wazima wote baada ya kile chakula chake.

"Nikamwambia nilihesabu, dada. Kumi na wawili. Chakula chako hakikumuua hata mmoja. Akasema, 'Dada yangu amekufa nikiwa namkwepa macho.' Akafunga mlango. Hakuubamiza. Nilisimama pale nje sijui nielekee wapi."

Makala haya yalisubiri Jumamosi hiyo ipite, kisha yakasubiri Ijumaa ya usafi wa kawaida kwa mzee, kwa sababu Mama Povu alitaka aone kama atafunguliwa mlango.

Alifunguliwa. Cherehani dirishani ilikuwa imefunuliwa, na juu yake kulikuwa na kipande cha kitambaa kipya kilichokunjwa. Kopo la chakula cha samaki, ambalo siku zote hukaa upande wa kushoto wa tangi, lilikuwa upande wa kulia. Mzee aliona anavyolitazama, akamweleza kwamba shemeji yake alikuja jana, Alhamisi. Alikaa saa nzima amelipa tangi mgongo. Halafu akageuka, akaomba kijiko, akamlisha Meneja. Kijiko kimoja, tena hakikujaa.

Mzee sasa anataka samaki wengine wawili, wa kumpa Meneja kazi. Mama Povu amemwambia wasubiri msimu wa dhoruba upite, na kwamba shemeji ndiye atakayekwenda dukani kuwachagua.

Bega bado linauma. Ameanza kukataa ndoo. Wateja wanabeba wenyewe naye anawaelekeza kwa mdomo, kazi ambayo kila mtu anakubali ana kipaji nayo. Umeme ulikatika tena juzi mchana, kwa saa tano, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili hakukimbia. Alikaa nyumbani, akamaliza chakula chake kikiwa bado cha moto, akalala. Mumewe anasema alikoroma.

Namuuliza ana tumaini gani, swali ambalo magazeti huuliza mwisho. Anacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka hoi. Anasema Ijumaa ile, alipomaliza kusafisha, mzee alimsindikiza hadi mlangoni, akamshukuru vizuri na kumwambia, "Ushuke salama, fundi."

"Ananiita fundi," anasema Mama Povu. "Ni haki yake. Natumaini siku moja atasahau, aniite mwanangu. Nitaendelea kupanda."

Anainua ndoo kwa mkono wa kushoto, anakumbuka, anaiweka chini, na kunionyesha kwa kidevu niibebe mimi.